Mafuta ya Nazi Kila Ijumaa

Nyinyi vijana mnaosimama nyuma ya meza za maduka siku hizi, nakuoneni mnavyojibu malalamiko kwa dole gumba. Mteja anaandika kwamba kiatu kimebanduka soli siku ya pili, nanyi mnamrudishia kile kiuso cha manjano kinachotoa machozi, basi, mmemaliza kazi. Sikulaumuni. Ningekuwa na kiuso kama hicho zama zangu ningekitumia sana, maana uso huu wangu wa kuzaliwa ulikuwa ukichoka kabla ya adhuhuri.

Mimi naitwa Bi Riziki. Kwa miaka thelathini na moja niliuza vifaa vya michezo katika duka moja la Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho vespa mbili zikikutana lazima moja irudi kinyumenyume. Niliuza mipira, nyavu, filimbi na viatu vya njumu, na mwenyewe sijapata kukimbia tangu nilipomaliza skuli, hata mvua ikininyeshea. Nimestaafu juzi juzi tu. Waliokuja dukani baada yangu wameniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Nimeona niandike moja tu, la bastola, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuliko yote, na ndilo ninaloliona haya mpaka leo.

Msishtuke. Ni bastola ya kuanzishia mbio. Haina risasi, na mtutu wake umezibwa tangu kiwandani. Ndani yake unatia fataki, zile punje ndogo za baruti. Ukibonyeza kifyatuo, nyundo inapiga fataki, inalia, kimoshi kinatoka, watoto wanatimka. Ni hayo tu. Lakini kwa walimu wa michezo wa Unguja, ambao miaka yote walianzisha mbio kwa filimbi au kwa kugonganisha vibao viwili vya mbao, siku mwenye duka wetu alipoleta katoni ya bastola ilikuwa kama sikukuu. Sisi mwenye duka tulimwita Tajiri, na yeye hakukataa.

Mkubwa wangu pale dukani, aliyenifundisha kazi, alikuwa Mzee Khatibu. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kitu hakitoki dukani hakijajaribiwa. Mpira unajazwa upepo na kulazwa mpaka asubuhi. Filimbi inapigwa, kisha inafutwa, kisha inafutwa tena mbele ya mteja. Kiatu kinapindwa mpaka kiombe radhi. Sasa bastola utaijaribia wapi? Nikatoka nayo kichochoroni mchana kweupe, nikainyanyua juu, nikabonyeza.

Nyinyi mnaijua sauti ndani ya vichochoro vyetu. Inagonga ukuta huu, inarudi ukuta ule, haina pa kutokea. Fundi cherehani wa jirani alilala kifudifudi juu ya kanzu ya bwana harusi. Kundi la wageni lililokuwa likipita lilichutama lote kwa pamoja, na mtembezaji wao, ambaye mwenyewe alikuwa amejibana nyuma ya mlango, akawaeleza kwamba hiyo ni desturi yetu ya tangu enzi na kwamba wamebahatika sana kuiona. Wakapiga makofi. Mmoja akaomba irudiwe. Tangu siku ile bastola nilizipeleka pwani kuzijaribu, tena baada ya kuwaarifu polisi.

Kanuni ya pili ya Mzee Khatibu ilikuwa ngumu zaidi, na hiyo ndiyo ninayotaka muishike. Mteja wa kwetu hasemi kasoro ya kitu. Anastahi. Kukwambia uso kwa uso kwamba umemuuzia kibovu ni kama kukuvua nguo, naye hakulelewa hivyo. Kwa hiyo atakuja kukusalimia. Atauliza hali yako, ya nyumbani, ya ule mguu uliokuwa ukikuuma, atasifu mvua au atailaumu. Atasema alikuwa akipita tu, ingawa kwao ni Nungwi na kuja kwake kumemmalizia siku.

“Anaepiga kelele huyo hana tabu,” Mzee Khatibu aliniambia. “Huyo yanamtoka. Wewe mtazame anaekwambia ‘sina neno’. Huyo mkalishe. Mwagizie kahawa, na usimuulize kitu. Yatakuja yenyewe.”

Hayo ni ya miaka mingi kabla ya bastola, nilikuwa bado mgeni wa kazi, sikumwelewa. Wiki ile ile alikuja bwana mmoja wa Bumbwini, tukasalimiana vizuri, akanieleza habari za mihogo yake, akasema hana neno, nikamwambia karibu tena. Akaja tena mara mbili. Mihogo ile niliijua mpaka mizizi. Mara ya nne akamkuta Mzee Khatibu, akakalishwa, akaletewa kahawa. Kwenye kikombe cha pili akavuta mkoba wake taratibu, akasema, “Kuna kijipira hapa, nimeona nije nacho, kisikae peke yake nyumbani.” Mpira ukatoka. Ulikuwa na umbo la papai. Ulikuwa hivyo tangu siku tuliyomuuzia, na wanawe walikuwa wameuchezea mwezi mzima mpaka wakajua utapindia wapi. Mzee Khatibu akampa mwengine pale pale, na bwana yule akaomba radhi kwa usumbufu.

Basi tangu hapo nikajiona nimeshakuwa bingwa wa kusikia malalamiko. Niliwakalisha watu ambao hawakuwa na lolote. Kuna bibi mmoja aliingia kuuliza njia ya kwenda Darajani, nikamnywesha kahawa vikombe vitatu nikingojea.

Sasa turudi kwenye bastola. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, mnajua wenyewe. Kila mwalimu aliyenunua aliniuliza swali moja: “Bi Riziki, na kutu je?” Zile karatasi za kiwandani zilisema ipakwe mafuta ya mashine kidogo sana. Mafuta ya mashine wakati ule yalikuwa yametuishia dukani. Nami, badala ya kuwaambia wakayatafute kwa mafundi cherehani, nikaona mafuta ni mafuta. Mama yangu alilipaka mafuta ya nazi komeo la mlango wetu maisha yake yote, na komeo lile linafunga mpaka leo. Mie mwenyewe nikiyapaka nywele. Kama yanafaa kichwa cha binadamu, yataishindaje bastola?

Nikaandika kadi. Mwandiko wangu ni mzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hapana mwengine wa kusema. Juu niliandika jina la kila mnunuzi kwa wino wa buluu, chini nikaandika: “Bastola hii ni amana. Kila Ijumaa baada ya sala ipake mafuta ya nazi, ndani na nje, uifunge kwenye kitambaa safi.” Ijumaa niliichagua ili wasisahau. Kadi zote nikazipeleka zikatiwa plastiki, nikaweka moja ndani ya kila sanduku. Mzee Khatibu alikuwa ameshastaafu, anakaa kwenye baraza inayotazamana na duka na kahawa yake, na mimi sikumwonesha. Nilitaka azione zikiwa zimeshasifiwa.

Aliyezisifu kwanza alikuwa Maalim Pandu wa Makunduchi. Huyu ndiye aliyekuwa akianzisha mbio za skuli miaka yote, tangu enzi za vibao, na sasa alikuwa amebakisha muhula mmoja kustaafu. Mtu wa suruali yenye mstari na kofia safi, ambaye ukimwambia Ijumaa hatapaka Alhamisi. Baada ya kununua bastola alianza kuja dukani. Mara ya kwanza akasema amepita kunisalimia. Mara ya pili akasema hali kadhalika, kisha akauliza, “Na ile kadi, Bi Riziki, uliifikiri mwenyewe?”

“Mwenyewe, Maalim,” nikamjibu huku nimevimba kichwa. “Hukuipoteza?”

“Naipotezaje? Ninayo.”

“Basi chukua na hii nyengine, uiweke skuli, hiyo ibaki nyumbani.”

Akaichukua kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Alikuja mara sita. Kila akija aliizunguka ile kadi, akasifu mwandiko, akauliza kama mafuta ya nazi nimeyajaribu muda mrefu, akasema hana neno. Mimi niliyewakalisha wapita njia, yeye sikumkalisha hata mara moja. Niliona amekuja kunisifu, na mtu anayekusifu humtafutii kasoro. Hilo liandikeni mahali.

Kisha siku moja, baada ya mashindano ya wilaya, wakaingia watatu kwa pamoja. Mbele alikuwa Maalim Vuai wa Mkokotoni, mwalimu mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng’ambo ya pili, amebeba bastola yake ndani ya gazeti. Nyuma yake Ticha Salma wa Mwanakwerekwe, msichana mwepesi aliyemaliza chuo juzi, ya kwake imo ndani ya mkoba pamoja na funguo na chipsi za muhogo. Mwisho Maalim Pandu, na bastola yake kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alisimama mlangoni akitazama nje.

“Shikamoo, Bi Riziki,” akasema Ticha Salma.

“Marahaba. Karibuni. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo,” akadakia Maalim Vuai, “lakini bastola ndizo zina jambo! Yangu mie inatoa sisimizi.”

“Inatoa nini?”

“Sisimizi, Bi Riziki. Nabonyeza, hailii, wanatoka wao. Tena wamejipanga mstari kuliko darasa langu la nne. Nimeitia juani, wakatoka, jioni wakarudi na jamaa zao. Na mpini umetafunwa na panya. Hebu nambie, mliniuzia bastola au mliniuzia mkate?”

Nikamgeukia Ticha Salma. Yeye akasema ya kwake inalia vizuri, ila inakula fataki nyingi, na alitaka kujua tuna utaratibu gani wa kurudisha kitu. “Mtandaoni unajaza fomu, unapewa siku saba, kinakuja kingine mpaka mlangoni. Hapa fomu iko wapi?”

“Fomu ni mimi,” nikamwambia.

“Mie fomu siitaki,” Maalim Vuai akasema. “Nataka mpya, isiyo na wenyewe ndani. Na duka lije uwanjani lituombe radhi mbele ya wanafunzi, maana waliocheka ni wao.”

“Kuomba radhi hakufanyi kitu kilie, Maalim,” akasema Ticha Salma. “Kinachotakiwa ni dhamana, iandikwe, ipigwe muhuri.”

“Dhamana utaifyatua?”

Wakaendelea hivyo, mmoja anataka kitu, mmoja anataka karatasi, mimi katikati na tabasamu langu la kazi. Nikaona Maalim Pandu hajasema. Nikamuuliza na yeye.

“Mie sina neno,” akasema.

“Ana neno!” Maalim Vuai akapaza sauti. “Mbona humwambii? Bi Riziki, kwenye mashindano ya wilaya watoto wameshainama kwenye mstari, Maalim kanyanyua, kabonyeza: ta! Hailii. Kabonyeza tena: ta! Mtoto mmoja kadondoka kwa kungoja. Mara ya tatu, ta! Basi Maalim akaona watoto wataumia migongo, akajaza pumzi, akapiga kwa mdomo: PAA! Wakatoka mbio. Uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko. Sasa mtaani wanamwita Maalim Paa.”

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka kabla sijajizuia, na Maalim Pandu naye akatabasamu kidogo kwa adabu. Ticha Salma hakucheka. Alisema, akitazama chini, kwamba kamati ya michezo imekutana. Wamesema bastola zote zimetoka katoni moja, ya Salma inalia, ya Maalim Vuai imezibwa na sisimizi, lakini ya Maalim Pandu haina mdudu na bado hailii, kwa hivyo tatizo ni mkono wake. Umeanza kutetemeka na kidole hakina nguvu. Fainali ya mbio za skuli, ambayo ndiyo ingekuwa ya mwisho kwake kabla ya kustaafu, ataanzisha Salma, kwa mlio wa simu na kipaza sauti. Maalim atawekewa kiti cha heshima. “Sikuomba mimi, Bi Riziki,” akasema. “Nimepewa.”

Hapo ndipo Maalim Pandu alipoingia dukani sawasawa.

“Mpya siitaki,” akasema. “Ikiwezekana, nataka karatasi. Iandikwe tu kwamba kidole changu hakina kitu.”

Nakuambieni, nimewahi kudaiwa mpira, nyavu, hata goli zima, lakini sikuwahi kudaiwa kidole. Nikawaomba wale walimu wawili wenye bastola mbovu waniachie mpaka kesho. Tajiri, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, akachungulia walipoondoka. “Andika kosa ni la kiwanda,” akasema. “Kiwanda kiko mbali, hakitasikia.” Nikaona ni maneno ya maana.

Nikavuka kichochoro na ile ya Maalim Pandu, nikampa Mzee Khatibu kwenye baraza. Akatoa bisibisi yake ndogo, akalegeza, akafungua. Akanusa. Akainusa tena, akanitazama.

“Nani kaipika hii?”

Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya asali kilichoganda kila pahala, kinanata, kinanuka kama sufuria la vitumbua lililosahauliwa. Nyundo ilikuwa ikishuka polepole kama mtu anayekanyaga tope, na kila fataki iliyotiwa mle ilikuwa ikiloa mafuta kabla haijapigwa. Mzee Khatibu akaokota kitambaa cheupe kukipangusia mikono, na ndani ya kitambaa zikaanguka kadi zangu mbili, zimepangwa vizuri moja juu ya nyengine. Akazisoma zote mbili, ingawa zilikuwa na maneno yale yale.

“Mwandiko mzuri,” akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikampigia simu Ticha Salma, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, “Hivi mwanangu, ya kwako unaipaka mafuta?”

“Bi Riziki, usinikasirikie. Ile kadi yako nimeifanya alama ya kitabu. Bastola sijaipaka kitu tangu nliponunua. Nnajua ni makosa, ntaanza Ijumaa hii.”

“Usianze!” nikamwambia, mpaka Mzee Khatibu akashtuka.

Basi ndiyo hivyo. Aliyenipuuza, bastola yake inalia. Aliyenitii kidogo, kapata sisimizi. Na aliyenitii kila Ijumaa bila ya kukosa amepoteza jina lake uwanjani. Barua aliyoitaka Tajiri isingemfaa hata kidogo, maana kamati ingeuliza vile vile: kama kiwanda ndicho kibovu, mbona ya Salma inalia? Palikuwa na maneno ya aina moja tu ya kukiokoa kile kidole, nayo yalikuwa yananihusu mimi.

Msidhani niliyaandika mara moja. Barua ya kwanza nililaumu kiwanda. Ya pili nililaumu hewa ya chumvi. Ya tatu niliandika kwamba mambo haya ni kudura. Miaka mingi nimefanya kazi pale, walimu wa kisiwa kizima wananiita Bi Riziki wa vifaa, wakibishana kuhusu uzito wa mpira wanasema tumuulize Bi Riziki. Nikaona nikisema hili nitakuwa Bi Riziki wa nazi mpaka naingia kaburini. Mzee Khatibu alikuwa akisafisha bastola kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, hakunihimiza. Alipomaliza akaitia tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja tu, akaniwekea mezani, akasema anakwenda kusali. Nikachana zote tatu nikaandika ya nne.

Siku ya fainali nilitangulia uwanjani mapema. Kamati ilikuwa chini ya turubai na Maalim Pandu alikuwa kwenye kiti chake cha heshima, kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa cha maua. Kipaza sauti cha Ticha Salma kilikuwa kikijaribiwa na kinasema moja mbili, moja mbili. Nikaomba ruhusa ya kusema. Wakadhani nimekuja kutoa kikombe, wakapiga makofi.

Nikasoma. “Mimi Riziki, muuzaji wa vifaa vya michezo, nathibitisha kwamba kiwanda hakina kosa na kidole cha Maalim Pandu hakina kosa. Mimi ndiye niliyewaambia walimu wazipake bastola mafuta ya nazi kila Ijumaa. Mafuta ya nazi yanaganda na yanalowesha fataki. Aliyefuata maagizo yangu sana ndiye aliyeharibikiwa sana.”

Kisha Maalim Vuai akasimama kutoka safu ya nyuma.

“Kwa hivyo wale sisimizi ni wako!”

Kicheko kilichopigwa pale sijapata kukisikia tena. Mama mmoja wa kamati alimshika mwenzake asianguke. Mwenyekiti alijaribu kuwa mkali, akaniuliza kama nina hakika ya ninayosema, nikamjibu, “Maalim hana kidole kibovu. Ana muuzaji mbovu,” akashindwa naye, akavua miwani akapangusa macho. Mimi nilisimama na barua yangu mpaka wote wakamaliza kucheka. Ilichukua muda. Nilikuwa nimeona haya, tena haya ya kuunguza masikio, lakini nilipomtazama Maalim Pandu nikaona na yeye anacheka, mabega yote, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ticha Salma hakungoja kuambiwa. Alikwenda akachomoa waya wa kipaza sauti, akauzungusha mkononi, akaja mbele ya kile kiti. “Maalim,” akasema, “watoto wa mita mia wanakungojea.”

Nikamfuata Maalim Pandu kumpa bastola yake iliyosafishwa. Tulikuwa tukitembea pembeni ya uwanja, nami nikaanza kumwomba radhi upya, peke yake, kwa kuwa ile ya barua ilikuwa ya watu wote.

“Mie nlijua, Bi Riziki,” akasema.

“Ulijua nini?”

“Kuwa ni mafuta. Ijumaa ya tatu nliifungua, nkaona inanata.”

Nikasimama. “Sasa Maalim, mbona hukunambia? Umekuja dukani mara sita!”

“Nlikuja kukwambia,” akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto hesabu. “Nlipolikaribia, ukanipa kadi nyengine.”

“Na bado ukaendelea kuipaka?”

“Jina langu uliliandika juu, kwa mkono wako. Nkiacha, na siku moja ukaniuliza, ntakujibu nini? Ntakwambia uongo?”

Aliona bora achekwe yeye na uwanja mzima kuliko nione haya mimi mmoja dukani kwangu, na mimi muda wote ule nilidhani ananiletea sifa. Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya mstari wa watoto wenye namba vifuani, na mmoja wao akaniuliza kama nimeumia.

Maalim Pandu akaenda mahali pake. Watoto wakainama. Sasa niseme na hili, kwa kuwa nimekuja kusema kweli: kamati haikusingizia kitu kuhusu mkono. Alipounyanyua ulikuwa ukitetemeka, tena sana, nilikuwa nauona kutoka pale niliposimama, na bastola ikicheza juu ya kofia yake. Akabonyeza. Ikalia uwanja wote, kimoshi kikapanda, watoto wakatimka mara moja. Watu waliwageukia wakimbiaji. Mimi nilibaki kumtazama yeye, na ule mkono aliushikilia juu vile vile, huku unatetemeka, mpaka mtoto wa mwisho alipovuka kamba.